Waimbaji Watakuja Saa Ngapi?

Imezuka desturi miongoni mwetu sisi walimu wa Kiswahili, nayo imekwisha kuota mizizi hata ikadhaniwa kuwa ndiyo njia yenyewe ya kufundisha fasihi: mwanafunzi hupewa mwanzo wa kila kitabu, asipewe mwisho wa kitabu hata kimoja. Hupewa beti nane za utenzi, onyesho la kwanza la tamthilia, kurasa tatu za riwaya, kisha hupewa mwongozo uliochapwa kwa haraka wa kumweleza yaliyobaki. Akitoka hapo hufanya mtihani, hufaulu, na huitwa mjuzi. Sisi tuandikao haya tu walimu wachache tukutanao Ruharo, mjini Mbarara, Jumamosi alasiri, na twasema waziwazi kwamba desturi hiyo yatuharibia kazi. Wenzetu wengi hawatakubaliana nasi. Baadhi yao wamekwisha kutujibu kabla hatujaandika, nasi tutawarudishia jawabu humu humu.

Lakini hatuna budi kuanza mbali kidogo, kwa kaseti.

Kaseti yenyewe tuliikuta ndani ya sanduku la vitabu vikuukuu tulivyovinunua kwa jumla, na kwa kweli hatukuitia maanani. Juu ya kikasha chake liliandikwa jina la mtunzi, Giuseppe Verdi, na chini ya jina hilo yakafuata majina ya opera zake kadhaa. Opera, kwa msomaji asiyepata kukutana nayo, ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, na okestra hufuatana na waimbaji tangu pazia likifunguliwa hata likifungwa. Lakini katika kaseti ile hapakuwa na mwimbaji hata mmoja. Palikuwa na mianzo tu: ule muziki wa ala pekee upigwao kabla ya mchezo, ambao Waitaliano huuita sinfonia ukiwa mrefu, na preludio ukiwa mfupi. Sisi watu wa Kiswahili hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wake. Katika taarabu ya Unguja, kwa vilabu kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, shughuli hufunguliwa kwa bashraf, kipande cha ala tupu kilichorithiwa kutoka muziki wa Kituruki. Watu huku wanatafuta viti na kuamkiana, fidla na kanuni zinazungumza, na kila aliyehudhuria anajua kwamba mwimbaji bado. Basi na tuuite muziki ule bashraf, neno lipo na maana inafika.

Kwa muda wa karibu miaka miwili kaseti ile ilikuwa ndiyo Verdi wetu wote. Tulijua kwamba alizaliwa mwaka 1813 kaskazini ya Italia na kufariki mwaka 1901. Tulizijua bashraf zake kwa moyo, hata mmoja wetu akiweza kuzipiga kwa mluzi akiwa njiani kushuka Mto Rwizi. Tulifika hadi ya kuwaambia watu, bila haya, kwamba tunamjua Verdi.

Siku moja mwenzetu afundishaye wakimbizi katika makazi ya Nakivale, huko Wilaya ya Isingiro, aliichukua kaseti pamoja na redio yake ya betri, akawasikilizisha watu wazima wa darasa la jioni. Makazi yale yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Kinyarwanda, na leo wamo humo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Wengi wao hukutana katika Kiswahili, kila mmoja na Kiswahili chake. Walisikiliza kwa utulivu mkubwa, bashraf ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndipo mzee mmoja kutoka pande za Uvira aliponyosha mkono, kwa adabu, akauliza: “Mwalimu, benye kuimba banakuya saa ngapi?”

Mwenzetu alimjibu kwamba hawaji, mzee. Kaseti ni hiyo tu.

Mzee alicheka, si kwa dharau, akasema basi walikuwa wamekaa mlangoni mwa harusi wakisikiliza viti vikipangwa. Watu walicheka pamoja naye, darasa likaendelea na mambo mengine. Lakini mwenzetu aliporudi Ruharo na kutusimulia, sisi hatukucheka. Swali lile lilitukaa kooni. Tulikwenda kuzitafuta opera zenyewe, jambo ambalo siku hizi haligharimu zaidi ya simu na subira, tukapata na tafsiri za maneno yake kwa Kiingereza, tukaketi kusikiliza kwa wiki nyingi. Na yale tuliyoyakuta yalituaibisha.

Tuanze na Nabucco, opera ya mwaka 1842 iliyompa Verdi jina. Bashraf yake ina wimbo mmoja wa mwendo mwepesi, upigwao kwa vyombo vya kupuliza, ambao sisi tuliupenda sana kwa sababu ulitukumbusha mambo ya furaha. Tuliudhania kuwa ni wa arusi au wa mavuno. Ndani ya opera wimbo huo huo, kwa mwendo mwingine, huimbwa na Waebrania waliochukuliwa mateka Babeli na mfalme Nebukadreza. Wamesimama ukingoni mwa Frati, wamefungwa kazi ya shokoa, na karibu wote wanaimba kwa sauti moja, si kwa sauti nne kama kwaya za kanisani, wakiyatuma mawazo yao yaruke yaende nchi waliyonyang’anywa. Huo ndio wimbo tulioudhani wa mavuno. Na tuliupeleka wapi? Tuliupeleka Nakivale! Tuliwapigia watu waliotoka Kivu na Bujumbura wimbo wa watu waliotolewa kwao, tukiwa tumeuvua maneno, tukawaambia ni muziki mzuri wa Ulaya wa kupumzisha akili. Mwandishi wa maneno yake, Temistocle Solera, alikuwa na la kuwaambia. Sisi tuliomziba kinywa hatukujua hata kwamba alikuwepo.

Kisha La traviata, ya mwaka 1853. Bashraf yake huanza kwa fidla chache zilizo juu sana, laini kama pumzi ya mgonjwa, kisha huja wimbo mpana wa mapenzi. Tuliosikia bashraf peke yake tuliona kuwa mtunzi ameanza kwa huzuni akaishia kwa raha. Kumbe amefanya kinyume cha saa: fidla zile za mwanzo ni chumba cha kufia cha yule mwanamke, Violetta, nazo zitarudi mwanzoni mwa sehemu ya mwisho, na ule wimbo mpana si raha, ni kilio chake anapomwaga mpenzi wake bila ya kumwambia kwamba anamwaga, kwa kuwa baba wa kijana amekwisha kumtaka amwache. Katika opera kilio hicho ni cha muda mfupi mno, ukipiga chafya umekipoteza. Msikilizaji hukipata kwa nguvu zote kwa sababu amekaa na mwanamke yule kwa saa nzima na zaidi, ameona anayoyaacha. Sisi tulikuwa tumepewa kilio bila mwenye kulia.

Hapa msomaji atasema: haya, mmejifunza, bashraf inadokeza na mchezo unaeleza, kuna ajabu gani? Ajabu ni kwamba bashraf mara nyingine hata haidokezi. La forza del destino ilipotolewa kwa mara ya kwanza mjini St Petersburg mwaka 1862, ilikuwa na mwanzo mfupi. Ile bashraf kubwa yenye milio mitatu mizito ya tarumbeta, mara mbili, ambayo dunia nzima huijua na wengi huijua bila ya kuijua opera, iliandikwa baadaye kwa ajili ya Milan mwaka 1869. Na Rossini, aliyemtangulia Verdi, alifanya mzaha mkubwa zaidi. Bashraf ya Kinyozi wa Sevilla ya mwaka 1816, ambayo kila mtu husema inamchora kinyozi yule mwerevu kwa kila nukta yake, ilikuwa imekwisha kutumika mwaka 1813 katika opera nyingine ya vita na wafalme, na tena mwaka 1815 katika opera ya malkia wa Uingereza. Hakuna kinyozi ndani yake. Kinyozi ameingizwa na masikio ya wasikilizaji.

Hata hilo si kubwa. Lililotuvunja kabisa ni jambo tulilopaswa kuliona tangu mwanzo, laiti tungalihesabu majina ya opera zisizokuwamo katika kaseti. Otello haikuwamo. Falstaff haikuwamo. Il trovatore haikuwamo. Kwa nini? Kwa sababu hazina bashraf. Otello, aliyoitoa Milan mwaka 1887 akiwa na umri wa miaka 73, huanza kwa dhoruba: pazia linafunguka, bahari imechafuka, watu wako pwani ya Kupro wanapiga mayowe wakiutazama mrengo wa jahazi la jemadari wao, na sisi tumo dhorubani pamoja nao bila hata kuulizwa hali. Falstaff ya mwaka 1893, aliyoitunga mzee wa karibu miaka 80, huanza katikati ya ugomvi wa baa. Wajuzi wengi huzihesabu hizo mbili kuwa ndizo kilele cha kazi yake. Basi mtu anayemjua Verdi kwa bashraf zake pekee amewekewa kizuizi cha kutomfikia Verdi alipofika juu kabisa, na hatajua kamwe kwamba kizuizi kipo, maana kaseti yake imejaa pande zote mbili.

Sasa na turudi darasani. Tumwangalie mwanafunzi wetu wa Al-Inkishafi. Amepewa beti za mwanzo, zile za kumtaja Mwenyezi Mungu na kumsifu Mtume, kwa kuwa ndizo zinazowahi kupigwa chapa katika kijitabu na ndizo zinazoulizwa msamiati wake. Je, mwanafunzi huyu amefika Pate? Ameuona moyo ukikaripiwa kwa kughafilika kwake? Ameziona nyumba za matajiri zilizokuwa na taa na vyombo vya Kichina, sasa zimekuwa makao ya popo na ndege? Hakuona. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hakuzisimamisha beti zile za mwanzo ili watu wakae humo. Alizisimamisha kama mtu atiavyo udhu kabla ya kuswali. Au tumwangalie msomaji wa utendi wa Mwana Kupona: mama amemwita binti yake, ameagiza wino na karatasi, na mwalimu wetu amefunga kitabu hapo hapo, akaandika ubaoni “dhamira ni malezi”. Mgonjwa yule aliyekuwa na haraka ya kusema kabla hajafa, hatukumpa nafasi ya kusema.

Wenzetu watajibu kwamba hakuna wakati. Hilo ndilo jibu la kwanza, na sisi tunalikubali nusu. Vipindi ni vichache, wanafunzi ni wengi, na vitabu vizima havipo. Lakini tuulizane kwa uaminifu: muda tunaoutumia kumweleza mwanafunzi kwa mwongozo yaliyomo katika vitabu sita asivyovisoma, ungetosha kumsomea kitabu kimoja kizima? Sisi tulipima kwa saa. Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi iliyotolewa mwaka 1968, tuliisoma kwa sauti, kila mtu na nafasi yake, tangu wachawi wa mwanzo hata mwisho, kwa Jumamosi nne. Jumamosi nne! Na humo mlikuwa na chai na ubishi juu ya maneno.

Tulichagua Makbeth kwa sababu Verdi naye alimtunga Macbeth, mwaka 1847, na bashraf yake ilikuwamo katika kaseti. Inatokana na muziki wa wachawi na ule wa usiku ambao mke wa Makbeth anatembea usingizini. Wenzetu wanaopenda kutuambia kwamba tafsiri ni chakula kilichopashwa moto, na waangalie jambo hili: Verdi hakukijua Kiingereza. Shakespeare aliyempenda maisha yake yote, hata akamtungia opera tatu, alimsoma kwa Kiitaliano. Hakumjua kwa kidokezo. Alimsoma mzima katika tafsiri. Sisi tulio na Makbeth ya Mushi na Tufani yake, tulio na Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi za Julius Nyerere, tuna haki na njia ile ile aliyokuwa nayo Verdi.

Jibu la pili la wenzetu ni zito zaidi, nasi hatulichukulii kwa wepesi. Husema: hao wanafunzi wa Uganda ni wageni wa lugha, waacheni waanze kwa machache; na hao wa Nakivale wana shida za maji na chakula, mnawapelekea opera ya Kitaliano! Tutalijibu kwa sehemu mbili.

Kwanza, Uganda. Hakuna nchi katika Afrika Mashariki iliyoumizwa na bashraf ya Kiswahili kuliko hii. Vizazi vya watu wa Mbarara vilikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kutoka kwa askari. Mwaka 1972 wapiganaji walioingia kutoka Tanzania waliivamia kambi ya jeshi ya mji huu. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na walioisikia amri hiyo waliisikia kwa sauti ya aliyeitoa. Februari 1979 jeshi la Tanzania liliuteka mji, na mji ukaharibika vibaya. Kati ya hayo yote yalikuwapo maneno machache ya Kiswahili: simama, lala chini, toa kitambulisho, leta pesa. Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa dibaji. Watu waliosikia dibaji hiyo walikata shauri kwamba lugha yenyewe ni ya bunduki na wizi, na nani atawalaumu? Hakuna aliyewaletea yaliyofuata. Hakuna aliyewasomea Shaaban Robert jioni nzima. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ulikifanya cha lazima katika vidato vya mwanzo. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Yote hayo ni mema, na twayashangilia. Lakini sheria haiwezi kumwondolea mtu sauti aliyoisikia kizuizini. Kitu kizima ndicho kitakachoiondoa, na mtoto anayepewa “hujambo, sijambo” kwa miaka miwili, kisha dondoo, kisha mwongozo, amepewa bashraf ya pili badala ya ile ya kwanza. Ni laini zaidi, lakini mwimbaji bado hajaja.

Pili, Nakivale. Wenzetu wanaosema kwamba mkimbizi atosheke na machache wamekosea hesabu. Watu wale si wageni wa Kiswahili. Wengi wao wamekinyonya. Mama wa Bukavu anayeuza samaki wa ziwa pale sokoni anagombana, anabembeleza, anasali na kusimulia kifo cha mwanawe kwa Kiswahili, kwa viambishi vyake visivyomo katika vitabu vyetu. Anaishi ndani ya mchezo wenyewe. Kisha mtoto wake anaingia darasani, na mwalimu, yaani sisi, anamwambia kwamba anachosema nyumbani si Kiswahili, aanze upya kwa “hujambo”. Tumemtoa ndani tukamketisha mlangoni, kisha tumemsikitikia kwa kukaa mlangoni.

Na juu ya opera ya Kitaliano kutowahusu, tutasema hili moja. Katika kaseti yetu mlikuwamo bashraf ya Aida. Ni ndogo, nzuri mno: fidla zikimtaja Aida kwa upole, kisha sauti za makuhani zikishuka kumkabili. Verdi aliandika nyingine kubwa kwa ajili ya Milan mwaka 1872, akaisikia mazoezini, akaiondoa. Alikuwa mtu wa kujua lini mlango umekuwa mkubwa kuliko nyumba. Bashraf ile haikutuambia chochote kuhusu sisi wenyewe. Opera nzima, na habari za kuzaliwa kwake, zilituambia mengi. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Cairo, tarehe 24 Desemba 1871, kwa agizo la Khedive Ismail, aliyemlipa Verdi faranga 150,000. Ilikuwa imechelewa kwa kuwa mapambo na mavazi yalikwama Paris, mji ukiwa umezingirwa na Waprusi. Inamhusu binti wa mfalme wa Ethiopia aliyetekwa akawa mtumwa Misri, na jemadari wa Misri anayempenda na kupigana na nchi yake.

Sasa Khedive huyo huyo, aliyekuwa ameketi Cairo akisikiliza majeshi ya Misri yakiimba ushindi juu ya Ethiopia, mwaka 1869 alikuwa amekwisha kumtuma Samuel Baker na askari kupanda Nile. Mwezi Mei 1872, hata miezi mitano haijatimia tangu usiku ule wa opera, Baker alisimama Masindi akatangaza kwamba Bunyoro imekuwa mali ya Misri. Mwezi uliofuata Kabalega alimpiga akamfukuza. Naye Ismail hakukoma. Aliwatuma askari wake Ethiopia kwa hakika, si kwa mchezo, nao wakashindwa vibaya Gundet mwaka 1875 na Gura mwaka 1876. Katika opera Misri inashinda. Tulipolieleza jambo hili Nakivale, kijana mmoja wa Kiethiopia alitusahihisha matamshi ya Gura kwanza, kisha akataka kujua yule mfalme wa Ethiopia katika mchezo anaimba sauti gani, nyembamba au nzito. Nzito, tukamwambia. Akaridhika. Ni nani basi atakayesema kwamba haimhusu?

Hatutaki kueleweka vibaya. Hatuitukani bashraf. Lau si kaseti ile tusingalimjua Verdi hata kwa jina, na pengine tusingaliandika ukurasa huu. Dondoo ina kazi yake: humvuta mtu, humwonjesha, humpa njaa. Tunachokipinga ni kuonja kunakoitwa kula. Tena wapo wapenzi wa muziki wanaodai kwamba asiyehudhuria opera katika ukumbi wake hana haki ya kuipenda, na kwamba kaseti ni dhambi. Hao nao tunawakataa. Ukumbi ule wa Cairo uliungua mwaka 1971, na sisi hatuna nauli ya kwenda Milan. Mtu huingia kwa mlango alioukuta wazi.

Basi tumefanya nini? Tumeacha kugawa dondoo katika darasa la Jumamosi. Kila muhula tunasoma kitabu kimoja kizima kwa sauti, hata kama wengine hawaelewi kila neno. Verdi hakutungoja tuelewe kila neno. Tulianza na Makbeth, tukafuatia na Al-Inkishafi yote, ubeti kwa ubeti, na mwenzetu aliyekuwa akiiogopa kwa ukongwe wa lugha yake sasa ndiye anayetusahihisha. Makosa tumefanya. Muhula wa kwanza tulipoteza wanafunzi wanne waliotaka majibu ya mtihani, na wawili wao hawajarudi mpaka leo. Tunalitaja ili mwalimu atakayetufuata asije akasema tulimficha.

Nakivale nako, mwenzetu alirudi na Nabucco nzima, pamoja na maneno ya wimbo wa mateka aliyoyatafsiri kwa Kiswahili kwa tabu, akiwa amesaidiwa na wanafunzi wenyewe. Walibishana sana juu ya neno moja, kama nchi ile waliyoilia Waebrania iitwe “nzuri iliyopotea” au “nzuri iliyoachwa”. Wakongomani walitaka iliyopotea. Mama mmoja wa Burundi alikataa katakata: yeye hakuiacha, wala haikupotea, iko pale pale, ni yeye asiyekuwako. Neno hilo halijaamuliwa. Mzee wa Uvira alikuwapo pia, ameketi mbele. Waimbaji walipoingia, baada ya bashraf, aliinua kidole kimoja kumwonyesha mwenzetu kwamba amewasikia.

Nakala ya Makbeth ya Mushi tuliyonayo Ruharo ni moja tu, na jalada lake limechanika. Mwalimu atakaye kuiazima na aje Jumamosi baada ya saa tisa alasiri, na airudishe kabla ya muhula kufunguliwa, kwa kuwa Nakivale nao wameiomba.